Choo Kilichofungwa kwa Utepe wa Manjano

Jumatatu, 3 Novemba

Nimetoka kliniki. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza, umechoka wa kulala au umechoka wa kuacha kazi. Akatabasamu, akaniongezea vidonge. Anaviita vidonge vya maji. Kazi yao kuyatoa maji mwilini. Kazi yangu kuyasindikiza.

Basi nimeamua kuungama. Kwa maandishi, kama msomi. Dhambi za zamani nimezisahau, na walioziona wengi wameshazikwa. Nitaungama za sasa, zikiwa bado moto, kadiri ninavyozitenda. Nikifa ghafla, hakuna kiporo.

Ya leo: wivu.

Sultani wetu anatimiza miaka ishirini na mitano kwenye kiti. Kila nguzo ya umeme imevaa bendera. Jumamosi msafara wake utapita vijijini, na hapa kwetu Tebing Rambai atashuka uwanjani, atakula na wananchi, atapanda mti, ataondoka. Ofisi ya wilaya inatafuta nyumba moja karibu na uwanja ili Sultani apate mahali pa kupumzika. Kupumzika, sote tunajua maana yake. Na nyumba zenye choo cha kukaa upande huu wa uwanja ni mbili tu. Yangu, ambayo choo chake alikijenga mkwe wangu Fauzi kwa huruma ya magoti yangu. Na ya jirani yangu Alang, fundi cherehani mstaafu, mtu ambaye nikinunua ndoo naye ananunua ndoo.

Mwenye nyumba atakayechaguliwa ndiye atakayesimama mlangoni kumpokea. Ana kwa ana!

Niseme kwa nini nataka. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Kila msafara wa Sultani ulipopita, shule ilipangwa kando ya barabara na vibendera. Watoto wanatazama barabara, mwalimu anatazama watoto. Ndiyo kazi. Hivyo mimi niliyewafundisha nusu ya wilaya hii kuitikia Daulat Tuanku, Mtukufu Sultani adumu, nimewaona masultani kwa kisogo changu. Nikigeuka, vumbi na namba ya gari. Picha ukutani ninayo. Picha haitoshi. Nataka uso wenyewe, ulio hai, unaopepesa macho, kabla moyo haujaacha kazi. Ni hilo tu. Siombi unaibu waziri.

Alang hana haja hiyo. Alang alishamwona marehemu Sultani, alipopelekwa ikulu na bosi wake kupima mabega ya kanzu. Alang alishika pini. Pini tu! Na hajanyamaza tangu siku hiyo.

Jumanne, 4 Novemba

Naungama chura.

Alfajiri nilimkuta karibu na mtungi wa kuoshea miguu, mnene, mwenye sura ya mtu aliyeonewa. Nikapata wazo. Wakaguzi wa wilaya wanakuja saa nne. Choo chenye chura ni choo cha watu wa kawaida. Nikamtia chini ya kofia yangu nyeusi ya mahameli, maana mikono yangu inatetemeka na kofia haitetemeki. Nikavuka pengo la ua kuelekea kwa Alang, nia ikiwa kupita bafuni kwake kama mtu anayetafuta kuku.

Alang alikuwa amekaa ngazini. Akanisalimu. Akaniuliza habari za moyo. Akanisimulia habari za moyo wa shemeji yake. Akasema mbona leo umevaa kofia ya Idi. Nikasema natayarisha kichwa kwa ajili ya Jumamosi. Chura akajigeuza. Alang akakitazama kichwa changu muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba nikitaka bafu nisione haya, uzee ni uzee. Nikaingia. Nikamwacha chura juu ya tangi. Nilitoka kichwa kimelowa.

Wakaguzi wakaja. Afisa wa itifaki ni binti mdogo anaitwa Hasnidar, ana viatu vya kuchuchumia kwenye matope na hatikisiki. Alipofungua choo cha Alang, chura akamtazama. Mimi nilikuwa dirishani kwangu nimeshika pazia. Alang hakushtuka hata kidogo. Akamwambia yule ni mlinzi, ndiyo maana humu ndani hamna mbu. Binti akacheka! Akampiga picha chura!

Nikajua nimekwisha. Kisha binti akasimama mlangoni mwa kile choo, akapima kwa utepe, akatikisa kichwa. Mlango wa Alang ni mfupi. Mtu mzima akipita lazima ainame, na Sultani hainamii mlango wa mtu.

Wakaja kwangu. Mlango wangu mrefu. Nimechaguliwa mimi.

Alang alikuja kunipa mkono. Nikamwambia pole. Ndani ya moyo nilijua ni kazi ya chura.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya fahari. Wamekuja vijana wa wilaya na rangi, pazia la manjano, taulo ya manjano, sabuni iliyofungwa kama zawadi ya harusi, na zulia dogo ambalo Rokiah, mke wangu, alisema ni zuri kuliko blanketi letu. Wakasugua. Wakapuliza marashi. Polisi mmoja akachungulia ndani ya tangi kwa tochi na kuandika kitu. Kisha binti Hasnidar akafunga mlango, akazungusha utepe wa manjano kwenye kitasa, akabandika karatasi yenye muhuri, na akasema hakuna mtu kuingia hadi Tuanku atakapofika.

Nikapiga makofi. Nadhani nilikuwa peke yangu.

Rokiah akamngoja binti aondoke. Akakunja mikono.

"Na sisi, Baba Lela?"

Nikamuuliza sisi nini.

"Sisi tutapumzikia wapi?"

Nikiri sikuwa nimelifikiria hilo. Nyumba yetu ina choo kimoja. Kile cha zamani, cha shimo, nilikifukia mwenyewe nikapanda migomba, na migomba imestawi. Rokiah akavaa kandambili, akavuka pengo la ua kwenda kwa Alang, hata hakugeuka.

Mimi kwa Alang siendi. Afadhali nife. Nimepata njia nyingine: msikiti una vyoo safi na uko umbali wa kutembea polepole. Leo nimekwenda adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, na mara mbili hapo katikati, kila mara na tasbihi mkononi. Imamu amenishika bega akasema amefurahi mno kuniona nimerudi kwa Mola kwa kasi hii. Macho yake yalikuwa na machozi. Naungama.

Alhamisi, 6 Novemba

Familia imefika! Binti yangu Norlela na mumewe Fauzi, mjukuu wangu Suhaila na simu yake, na mapacha wadogo ambao siwezi kuwatofautisha na hawataki niwatofautishe. Safari kutoka Kuala Lumpur wamekunywa maji ya nazi njia nzima. Walishuka kwenye gari wakikimbia. Wakasimama mbele ya utepe wa manjano.

Fauzi akasema kwa heshima kwamba choo hiki alikijenga yeye. Nikasema ndiyo, na Sultani atamshukuru. Akasema yeye anazungumzia sasa hivi. Mmoja wa mapacha akaanza kulia. Yule mwingine hakulia, lakini nilimwona akiitazama migomba yangu.

Wote wakaenda kwa Alang. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alang ameandaa! Ameweka benchi nje ya bafu. Ametandika mkeka. Amepanga kandambili kwa saizi. Mkewe anakaanga ndizi, na atakayesubiri zamu anakula. Kufikia jioni watu waliokuwa wakimenya ndizi kwa ajili ya sherehe, wanaosuka vifuko vya majani vya kupikia wali wa ketupat, na vijana wa ngoma wanaofanya mazoezi, wote wamehamia kwenye benchi la Alang. Watu wasiotaka choo wamekaa kwenye foleni ya choo! Nilisikia kicheko cha Norlela. Sijamsikia akicheka hivyo tangu alipokuwa mtoto. Alang alikuwa anasimulia pini.

Kwangu kulikuwa na mimi, utepe na picha mbili za masultani.

Mapacha waliporudi, mmoja alinipa ndizi iliyofungwa kwenye karatasi. Akasema Babu Alang kasema usione haya. Ndizi nzuri sana, imeiva, ina chumvi kidogo. Naungama nilimwambia ni mbaya.

Lakini safari za msikitini zinanimaliza. Jana nilipumzika kwenye mawe ya njiani, na mwenye baiskeli alidhani nimekufa. Nimefikiri kisomi. Tatizo si umbali, ni maji. Tatizo la maji ni vidonge. Kwa hiyo kuanzia leo vidonge navitia kwenye chungu cha okidi cha Rokiah. Hadi Jumamosi tu.

Ijumaa, 7 Novemba

Miguu imevimba kama mikate. Viatu vya Jumamosi haviingii. Sijali, nitavaa makubazi.

Msikitini leo Imamu alitoa hotuba kuhusu mja anayeona mwisho wake unakaribia na kukimbilia nyumba ya ibada mara tisa kwa siku. Hakunitaja jina. Alinyoosha mkono tu. Safu nzima ikageuka kunitazama. Alang, aliyekaa nyuma yangu, alikohoa kikohozi ninachokijua tangu ujana wetu. Baada ya sala wazee walinipanga mstari kunipa mkono, na mmoja akaniomba nimwombee mwanawe apate kazi. Nimemwombea kweli. Angalau hilo.

Niliporudi nyumbani nilipanda ngazi tatu, nikakaa. Pumzi haikutosha ya nne. Rokiah alikuwa juu anamwagilia maua. Nikaona anainama juu ya chungu cha okidi. Akaingiza kidole. Akatoa kidonge. Akatoa kingine.

Hakupiga kelele. Rokiah akikasirika hushusha sauti. Akaja akakaa nami pale ngazini, akanishika kifundo cha mguu, akabonyeza, na alama ya kidole chake ikabaki.

"Sikiliza, Baba Lela. Ukifa kabla ya Jumamosi, Sultani atakuja kwenye msiba. Atafunua sanda, atakuona wewe. Wewe hutamwona. Umepiga hesabu hiyo?"

Sikuwa nimepiga.

Akanipa vidonge viwili, akasubiri nifungue mdomo aone. Kisha akanishika mkono kama bibi harusi, akanivusha pengo la ua, akanipeleka kwa Alang mbele ya watu wote. Waliokuwa kwenye benchi wakasogea. Mtu akaniambia nipite mbele, mimi mzee. Mlango ule mfupi ulinigonga paji la uso. Nilipotoka, Alang alinipa bilauri ya chai.

Chai yake ilikuwa tamu mno. Naandika hivyo ili isiwe sina la kulaumu.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nimelala. Nitaandika yote.

Tangu alfajiri umati. Mabasi kutoka vijiji vya juu ya mto. Watoto mabegani mwa baba zao, bibi wenye vibendera nywelani, wauza miwa, wauza puto. Nyama ya rendang imekuwa jikoni tangu jana na harufu yake imefika mpaka kwenye mto wa kulalia. Norlela ametia maua kwenye nywele za Suhaila. Mapacha wamevaa saruni ndogo na wanapigana kwa vibendera. Nilimwona Rokiah akicheza ngoma na mke wa Alang nyuma ya masufuria, nyonga zake zile zile, akidhani hakuna anayemwona. Nikafikiri, mwanamke huyu alistahili mume mwenye vyoo viwili.

Sultani alitarajiwa saa tatu. Nilikuwa mlangoni kwangu saa mbili, nguo ya kijani iliyonyooshwa, kofia, makubazi, mgongo wima. Rokiah alikuwa ameshanipa vidonge vya asubuhi na kuangalia chini ya ulimi. Binti Hasnidar akanifunza tena: Tuanku akifika, viganja pamoja, hadi paji la uso, kichwa chini, sema karibu. Nikamwambia, mwanangu, hilo nimelifundisha kabla mama yako hajazaliwa.

Saa tatu ikapita. Saa nne. Msafara umekwama kijiji cha pili, watu wengi mno barabarani. Vidonge havikukwama popote. Nilisimama kwa mguu wa kulia. Nikasimama kwa mguu wa kushoto. Nikasoma dua ya safari. Nyuma yangu, hatua chache, choo kizuri kuliko vyote wilayani, chenye zulia. Naungama niliushika utepe. Nikauvuta kidogo. Binti Hasnidar akageuka, akanitazama, nikajifanya naunyoosha.

Saa tano hivi nikamwambia nakwenda kuangalia jambo. Akasema Mzee, wako darajani, usiondoke. Daraja ni mbali, nikajiambia. Nikavuka pengo la ua. Benchi la Alang lilikuwa tupu, watu wote wako uwanjani. Nikainama, nikaingia.

Nikiwa humo ndani nikasikia ngoma zinaanza. Kisha umati mzima, sauti moja, mara tatu: Daulat Tuanku! Mbao za bafu zilitetemeka. Nikaanza kufunga suruali na mikono inakataa. Kamba ya suruali ina fundo. Moyo unagonga kama mdai mlangoni. Nikasikia kelele zinasogea, si kwenda uwanjani, zinakuja huku. Baadaye Norlela alinieleza: Sultani aliposhuka garini aliona umati umejaa uwanja, akasema atapita njia ya nyuma kati ya nyumba asalimiane na waliobaki jikoni. Hakuna aliyepanga. Binti Hasnidar alikimbia na viatu mkononi.

Nikafungua. Mlango ule mfupi unakutoa umeinama, huna hiari. Nikatoka kichwa mbele, kofia ikaanguka, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu imelowa. Na mbele yangu, pale pale kwenye vigae vya Alang, viatu.

Vyeusi. Vimepakwa rangi vizuri. Cha kushoto kina tope kidogo la njia yetu.

Nikajua kabla sijafikiri. Viganja vikajikuta pamoja, vikapanda hadi paji la uso penye nundu ya jana. Kichwa chini. Sauti ikaja kutoka juu, ya kawaida, ya mtu mwenye mafua kidogo.

"Mzee, hujambo? Afya yako vipi?"

"Sijambo, Tuanku. Moyo tu."

"Hapa ndipo nyumbani kwako?"

Hapa ningeweza kusema ndiyo. Naungama nilifikiria, maana Sultani angeingia ndani, na mimi ningeingia naye. Lakini nilimtambua Alang pembeni kwa miguu yake, vidole vile vya fundi cherehani vilivyokunjamana.

"Hapana, Tuanku. Hapa ni kwa jirani yangu Alang. Kwangu ni pale, penye choo."

Watu wakaguna. Sauti ikacheka, si ya dharau. Ikasema imefurahi kuona majirani wanaoingiliana hivi. Ikanitakia umri. Kisha viatu vikageuka, kimoja, kingine, vikaondoka.

Na mimi bado kichwa chini! Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundisha: hutazami juu hadi Sultani apite. Niliwachapa watoto wa watu kwa sababu hiyo. Nilipoinua macho niliona mwavuli wa manjano na migongo ya maafisa, na nyuma ya shingo moja iliyonyolewa vizuri.

Alikula, akapanda mti, akaondoka. Kupumzika hakupumzika.

Jumapili, 9 Novemba

Kijiji kizima kimenitembelea. Mwalimu aliongea na Sultani! Imamu anasema ni malipo ya ibada. Fauzi amenikumbatia. Kila mtu anashangaa kwa nini sina furaha, na siwezi kumwambia mtu kwamba nimeona viatu.

Suhaila alipiga picha. Nikaipokea simu kwa mikono miwili. Katikati ya picha upara wangu unang'aa. Pembeni Alang, amenyoosha shingo, anatazama juu, mdomo wazi. Sultani ni bega na sikio, na mbele ya uso wake mpini wa mwavuli. Nikamwomba anionyeshe nyingine. Nyingine ilikuwa ya rendang.

Nikaanza kuuliza uso ukoje. Norlela anasema mpole. Fauzi anasema mchovu. Mapacha wanasema ana pua, wamekubaliana. Rokiah anasema hakuona, alikuwa anaiokota kofia yangu.

Mchana nilivuka pengo la ua mwenyewe. Si kwa haja. Alang alikuwa anakunja mkeka. Nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuinua kichwa. Nilitarajia acheke mpaka adondoke, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu kuhusu pini.

Hakucheka. Akakaa. Akasema Sultani amezeeka, nyusi zimeanza mvi, ya kushoto zaidi. Ana kovu dogo kidevuni ambalo kwenye picha huwa wanalifuta. Alikuwa anapepesa macho sana kwa sababu ya jua. Alang ana jicho la fundi, huona mtu kwa vipimo. Nikamwambia aendelee. Akasema mengine kesho, maneno yakiisha sitakuja tena.

Nilipokuwa naondoka akaniita.

"Mwalimu. Alikuwa anakutazama wewe tu. Muda wote. Mimi nilisimama pale kama kigingi, nimevaa nguo niliyoishona mwezi mzima, hata jicho hakunitupia."

Nikamwambia ameshona vizuri. Sikuwahi kumwambia neno hilo kabla.

Jumatatu, 10 Novemba

Binti Hasnidar amekuja kuondoa muhuri. Nimekataa. Nimemwambia choo kilichoandaliwa kwa ajili ya Sultani hakiwi choo cha mtu mwingine. Akanitazama, akaangalia saa, akaniachia utepe. Rokiah ameuchana kwa kisu cha samaki na kuingia na gazeti. Hiyo ni dhambi yake, aiandike yeye.

Wajukuu wameondoka. Nyumba kimya.

Alasiri nilikwenda kliniki. Daktari amesikiliza moyo mbele na nyuma, akasema vidonge vinafanya kazi, miguu imenywea, nikiendelea hivi hata sikukuu ijayo nitaiona. Nikamshukuru. Nilikuwa navaa kanzu nikasikia manesi wawili nyuma ya pazia. Mwezi ujao Sultani atafungua wodi mpya ya moyo katika hospitali ya wilaya. Atapita kitanda hadi kitanda, awape pole wagonjwa.

Kitanda hadi kitanda!

Nimelifikiria njia nzima, kisomi. Kosa langu Jumamosi lilikuwa kusimama. Anayesimama lazima ainame. Lakini mgonjwa amelala chali. Hawezi kuinamisha kichwa, mto unamzuia. Anatazama juu, hana pengine pa kutazama, na Sultani ndiye atakayeinama. Itifaki haina neno hapo. Nimeitafutia tundu, haina.

Basi jioni hii, kwenye chakula, nimeshika kifua. Si sana, kwa kuanzia tu. Rokiah ameendelea kula. Nimeshika tena, kwa mguno. Ameniuliza kama ni moyo au ni pilipili. Nikasema mchomo, unakuja na kwenda, labda baada ya wiki mbili tatu itabidi nilazwe, kitanda cha karibu na mlango kitafaa. Naungama. Lakini hii si dhambi hasa, kwa sababu moyo ni mgonjwa kweli, na mimi nausaidia tu kujieleza.

Rokiah akaenda kwa jirani kuazima sukari, akakaa sana.

Sasa hivi dirishani namwona Alang, ng'ambo ya ua, ameanza kuguna akishika kifua.